Winga Asiyetoa Mkono

"Basi ukate huo mkono tujue moja!" dada yake alifoka, akabwaga kapu la nguo sakafuni. "Mkono gani unafichwa mfukoni kutwa kucha kama kitu cha wizi? Mwenyekiti wa wachezaji wa zamani anapita alasiri hii kuchukua jibu, na wewe bado unanipiga chenga humu ndani."

"Dada, nimeshasema. Mechi ya kuniaga siitaki."

"Huitaki mechi, au hutaki kushikwa mkono?"

Chokaa akatazama nje. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake kando ya dirisha, mgongo ameupa mlango, mguu mbovu ameunyoosha juu ya stuli, na mkono wa kulia umezama mfukoni mpaka kwenye kifundo. Upande wa pili wa chumba mkewe, fundi cherehani, alikuwa akishona namba kumi na moja mgongoni mwa jezi mpya. Cherehani ilikuwa ikitafuna kitambaa taratibu, inasimama, inatafuna tena, kama mbuzi anayesikiliza maneno ya watu.

"Wifi, hebu msaidie mumeo kusema," dada akamgeukia mke. "Mimi ananiona dobi, nanuka sabuni, sina la kumwambia."

"Mimi nashona tu, wifi," mke alijibu, pini mbili mdomoni. "Jezi ikiisha ikakosa mwenyewe, nitaivaa niende sokoni."

"Dakika tano!" Dada akarudi kwa mdogo wake. "Dakika tano tu, tena za kutembea. Filimbi inalia, unagusa mpira, ubao unanyanyuliwa una namba yako, unachechemea mpaka pembeni, kijana wa sasa hivi anaingia, mnapeana mikono pale kwenye mstari, uwanja mzima unasimama. Kinauma nini hapo?"

"Hapo kwenye mstari."

"Mstari unauma?"

"Mkono, dada. Pale kwenye mstari, mkono."

Dada alipiga makofi matatu ya mshangao. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, na alipoingia mchana huo mlango ulimkwaruzia sakafu kama kawaida, kraaa, mpaka majirani wakajua nani kaja. Mlango ule ulimkwaruzia kila mtu. Ulimkwaruzia Chokaa mwenyewe, mwenye nyumba. Mkewe peke yake ndiye aliyeufungua kimya, kama anafungua kitabu, na Chokaa hakuwahi kumuuliza amejifunzia wapi. Nyumba ina mambo mengi ambayo mwanaume hayaulizi.

"Na kiburi hiki umekiokota wapi?" dada aliendelea. "Maana likizo ile ulisalimia mtaa mzima mkono kwa mkono, mpaka yule muuza mkaa hakunawa siku mbili. Leo umestaafu, unatuonea kinyaa!"

Chokaa aliyaacha maneno hayo yapite. Dada yake alijulikana kwa kutia chumvi. Kama angepimiwa chumvi aliyotia maishani, ingetosha kuhifadhi samaki wa nchi tatu.

Jina la Chokaa hakupewa na wazazi, alipewa na soksi. Tangu utotoni alikimbia pembeni kabisa mwa uwanja, ukingoni mwa ukingo, juu ya ule mstari mweupe, hata mguu wake wa kushoto ukawa unarudi nyumbani umepakwa kama ukuta mpya. Wazazi wao walikuwa wameondoka duniani mapema, dada ndiye aliyemlea kwa pasi na beseni, na ndiye aliyesugua soksi ile mpaka vidole vikachubuka. Siku moja, kwa hasira ya ule weupe usiotoka, aliibwaga pasi mezani bila kutazama. Ncha yake ikamgusa mtoto kwenye mzizi wa dole gumba la kulia. Lilibaki kovu dogo la pembe tatu, limechongoka kama ile pasi yenyewe, na hakuna mtu mwingine duniani mwenye kovu kama lile. Hilo tulishike vizuri.

Mbio zake zilikuwa za ajabu. Waliomwona wanasema alikuwa akipiga krosi halafu anaingia golini kuisubiri. Wanasema beki mmoja wa kulia alizungushwa mpaka akatoka uwanjani, akashika barabara, akaulizia kwa watu mpira unachezwa wapi. Wanasema jasho lake lilikuwa linafika nyumbani baada yake. Kama ni uongo, umesemwa na watu wengi na wamekubaliana vizuri sana.

Klabu za mbali zikasikia. Akafunga sanduku, akaacha mke mchanga na cherehani mpya, akaenda. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, ila mwenyewe hakuwahi kumsimulia mtu, mpaka alasiri ile dada yake alipojifunga kanga vizuri kiunoni na kusema, "Sawa. Mwenyekiti akija namjibu mimi. Namwambia atacheza, atatoa mkono, na atacheka."

"Dada, kaa chini," Chokaa akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Kaa, nikwambie kilichonipata."

Dada akakaa juu ya kapu la nguo za watu.

Ilikuwa klabu yake ya kwanza ya nje, katika mji wa baridi ambako mtu akiongea mdomo unatoa moshi kama birika. Siku hiyo ukungu ulishuka uwanjani tangu saa nane mchana. Kutoka goli hadi goli huoni kitu. Mashabiki walikuwa wakishangilia kwa kusikia tu, upande mmoja unapiga kelele, upande wa pili unauliza kumetokea nini. Chokaa alikuwa pembeni kwake, juu ya mstari, akisubiri mpira uchomoze kutoka kwenye weupe. Badala ya mpira, akaona ubao. Ulikuwa umenyanyuliwa pale katikati ya mstari, una namba kumi na moja nyekundu. Wanamtoa. Akanung'unika, maana hakuwa amechoka, lakini amri ni amri. Akakimbia kutoka.

Kwenye mstari mkono ulikuwa umeshanyooshwa, unamsubiri. Mwenye mkono hakuonekana vizuri, ukungu ulikuwa umemla mpaka kwenye kiwiko. Chokaa akaupokea ule mkono kama mchezaji anayetoka anavyoupokea mkono wa sabu anayeingia, bila kuwaza, kama mtu anavyopokea chenji. Haukuwa wa baridi wala wa moto. Ulikuwa wa joto lilelile la mkono wake, kama vile amejishika mwenyewe. Na dole gumba lake liliteleza juu ya kovu dogo la pembe tatu.

Yule mtu akaingia uwanjani akikimbia. Chokaa akaenda kukaa kwenye benchi.

"Wewe!" kocha alimrukia. "Nani kakwambia utoke?"

"Si mmenibadilisha, kocha?"

"Nimekubadilisha na nani?"

Chokaa akatazama benchi. Sabu wote walikuwa wamekaa, wamejifunika majaketi, wanamkodolea macho. Akamtazama mwamuzi wa akiba. Ubao ulikuwa umelala juu ya nyasi, umezimwa, una umande juu yake. Hapo uwanja ukalipuka. Mashabiki wa upande wa kushoto, waliokuwa karibu na mstari, walikuwa wakiimba jina lake, Chokaa, Chokaa, na ndani ya ukungu zikasikika njumu zikipita kwa kasi kuelekea kwenye kibendera cha kona, tap-tap-tap-tap, mwendo anaoujua kwa sababu ni wake. Krosi ikapigwa. Goli likafungwa. Kocha akasahau alichokuwa akiuliza, akaenda kukumbatia watu.

Mechi ilipokwisha wachezaji walitoka mmoja mmoja kutoka kwenye ule weupe. Kumi walitoka. Wa kumi na moja hakutoka. Kocha alimpitia Chokaa mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo, akamgonga begani, "Umecheza vizuri leo," kisha mkono wake ukabaki palepale begani, kwa sababu jezi ilikuwa kavu. Jioni mtunza vifaa alikuta kwenye kapu la nguo chafu jezi mbili zenye namba kumi na moja, moja kavu, moja imelowa inachuruzika maji. Naye alikuwa ameleta moja tu.

"Ulikuwa na homa," dada akasema, lakini hakusema kwa ile sauti ya ng'ambo ya barabara.

"Ningekuwa na homa siku moja, dada. Hii homa imenifuata katika kila klabu."

Maana tangu siku hiyo hakuwahi kufika mahali akawa wa kwanza kufika. Alihamia mji wa vumbi wenye machimbo, mwenye nyumba akampokea kwa kicheko, "Karibu tena!" na kitanda chake kikawa na joto. Alikwenda mji wa bandari, kinyozi akamzungusha kwenye kiti na kumwambia kichwa hiki nimekinyoa juzi, mbona kimeota haraka? Katika mji wa milimani alikuta msumari wake chumbani umetundikwa njumu za saizi yake, zimepakwa chokaa mbichi upande wa kushoto, na ndani yake bado kuna joto la mguu. Klabu moja ilikuwa na picha ya timu ukutani, imepigwa msimu mmoja kabla hajasajiliwa. Alijiona amechuchumaa mstari wa mbele, anacheka. Meno yote nje. Chokaa mwenyewe tangu siku ya ukungu alikuwa amesahau kucheka.

Na uwanjani, kila ubao ulipoinuliwa una namba yake, alitazama kwenye mstari akamwona mchezaji wa akiba akiruka-ruka kupasha misuli, na nyuma ya bega la yule mchezaji akaona mkono wa pili, umenyooshwa pia, unamsubiri. Alielewa mara moja. Yule aliyeingia sasa anataka kutoka. Na mchezaji hatoki bila mwingine kuingia. Chokaa akiushika ule mkono, atarudi yeye ndani ya ule ukungu, akakimbie pembeni ya mechi isiyo na filimbi ya mwisho, na yule mwingine atakwenda kuoga, kuvaa nguo zake, na kupanda ndege kuja nyumbani.

Sasa afanyeje? Mchezaji akiitwa nje, lazima atoke. Chokaa akabuni dawa. Kila ubao ulipoinuka, alianguka. Alishika goti, akabiringika, akalia kama mama anayejifungua, mpaka wakamletea machela. Anayebebwa kwa machela hatoi mkono mtu. Mashabiki wakamwita Mzee wa Machela. Wabeba machela wa mji mmoja walimwomba apunguze kula. Makocha wakachoka naye, klabu moja ikamsukumia nyingine, akazunguka dunia kama sarafu mbovu, na watu wa kwao wakajivunia kuwa kijana wao ametembea sana. Hakutembea. Alikuwa anakimbia.

"Mpaka siku goti lilipokatika kweli," alisema. "Nililisikia, ka! kama kijiti. Nikaanguka. Refa akanisogelea akasema, inuka msanii. Hakuna aliyeleta machela. Wenzangu walikuwa wanacheka. Na ubao ulikuwa juu, na kwenye mstari mikono ilikuwa miwili. Nilitambaa, dada. Nilitambaa kwa viwiko, nikapita nyuma ya goli kama mjusi. Ndiyo ikawa mechi yangu ya mwisho. Sasa unataka nikasimame tena pale kwenye mstari."

Dada aliangua kicheko, lakini kilikuwa kicheko cha mtu anayepita makaburini. "Haya, umenishinda kwa uongo, nami ndiye niliyekufundisha! Sasa kama unaogopa mikono hivyo, ile likizo ulikuwa unampa mkono nani? Si ulinishika mimi mwenyewe, palepale mlangoni? Nilikuambia, kovu hili nilikutia mimi, nisamehe mdogo wangu, ukacheka."

"Likizo gani, dada?"

"Wakati wa mvua kubwa, mwaka uliotangulia kustaafu kwako. Ulikuja juma zima."

"Wakati wa mvua kubwa nilikuwa nimelala wodini, goti limefungwa plasta. Niliona haya, sikumpigia simu mtu. Sikuja nyumbani."

Cherehani ikanyamaza.

Chokaa alimgeukia mkewe akitarajia wacheke pamoja. Mkewe alikuwa ametoa pini mdomoni, anazichomeka moja moja kwenye kifuko cha sindano, polepole, kama mtu anayefunga duka.

"Ulikuja," alisema.

"Mke wangu."

"Ulikuja, mume wangu. Nilikupima kiuno na miguu, nikakushonea suruali ya kijivu ikakukaa sawasawa. Uliporudi tena umestaafu ikawa inaburuza mguu mmoja. Nikasema ni goti, nikapunguza upande huo." Akaonyesha kiti kwa kidole. "Ulikaa kwenye kiti hicho ulichokalia. Ulirekebisha mlango. Ulinionyesha: unainua kitasa kidogo, unasukuma, haukwaruzi. Mpaka leo nafungua hivyo."

"Mlango huo mimi sijawahi kuugusa."

"Nilidhani umesahau. Kwani mtu humkumbusha mumewe kwamba aliwahi kuja nyumbani kwake?"

Barabarani mtu alipita na baiskeli. Mlio wa kengele ulikuja mpaka dirishani, ukaondoka, na wote watatu waliusikiliza mpaka ulipokwisha, kana kwamba ulikuwa na habari.

"Na viatu vyako," mke akaongeza. "Nilifagia unga mweupe juma zima. Nilifikiri umepita penye watu wanaopaka ukuta."

Nywele zilimsimama Chokaa kuanzia kisogoni. Miaka yote aliogopa kwamba yule mwingine atachukua nafasi yake. Hakuwahi kuwaza kwamba ameshakuja kuipima kama inamtosha.

"Alisema nini alipoondoka?"

"Alisema..." Mke alitazama jezi iliyokuwa mapajani mwake. "Alisema amebakiza mechi moja tu. Siku ya kuagwa. Akishatolewa, anakuja kukaa nyumbani moja kwa moja."

"Haendi mtu uwanjani!" dada akasimama, kapu likaanguka, mashuka ya watu yakamwagika. "Mwenyekiti akija namfukuza na mwiko! Mechi hakuna! Kijana wa kupewa mkono hakuna!" Alikuwa ameanza kulia bila kujijua. "Na mimi mjinga nilimshika. Nilimshika na kumwomba radhi, mgeni wa ukungu!"

Lakini Chokaa hakuwa anamsikiliza. Alikuwa akimtazama mkewe, na swali lililokuwa kooni mwake lilikuwa kubwa kuliko krosi zote alizopiga duniani.

"Yule," alisema. "Lile juma. Ulikuwa na raha?"

Mkewe hakujibu haraka, na huko kutojibu haraka Chokaa alikuhisi kwenye goti.

"Alikuwa anacheka sana," mke alisema mwishoni. "Anasalimia watu. Miguu yote miwili mizima. Nikasema, Mungu wangu, mume wangu amerudi kama alivyoondoka." Akainuka, jezi ikateleza sakafuni. "Lakini halali, bwana. Juma zima nilikuwa nikiamka alfajiri namkuta yuko macho, miguu yake inakimbia chini ya shuka. Inakimbia, inakimbia, na yeye amenitazama tu, anacheka. Wewe ukilala unakoroma kama mtu aliyefika. Mimi namtaka anayekoroma."

Akaja mpaka kwenye kiti, akapiga magoti, akamtia mkono mfukoni mumewe bila kuomba ruhusa. Akautoa nje ule mkono wa kulia, uliokuwa mweupe kwa kukaa gizani, akaukumbatia kwa mikono yake miwili. Subana ya chuma aliyovaa kidoleni wakati wa kushona ilikuwa ya baridi, na Chokaa alishtuka, halafu akaona machozi yanamtoka. Mkono huo ulikuwa haujashikwa na mtu tangu ukungu.

"Huu una mtu," mkewe alisema. "Anayetaka kutoka huko aliko atafute mlango mwingine."

"Na wa kushoto ninao mimi!" dada akadaka, akausokota kwake kama anakamua shuka. "Tuone atapita wapi! Mwenyekiti akija atatukuta hivihivi kama tunaomba mvua, na ashangae mpaka achoke."

Chokaa alicheka. Kilikuwa kicheko kibovu, chenye kutu, kilichoanzia mahali alipokisahau, na mkewe akacheka kwa kukisikia, dada akaanza kuwaambia kwamba hata marehemu mama alikuwa akicheka hivyohivyo, kama mlango mbovu, kraaa, kraaa, na kwamba siku moja alicheka mpaka kuku wa jirani...

Nje, nyuma ya ukuta, kuna mtu alipita akikimbia. Tap-tap-tap-tap, kandokando kabisa mwa nyumba, mwendo wa pembeni. Hatua zikageuka kwenye kona. Zikasimama.

"Huyo mwenyekiti huyo," dada akasema, akijifuta uso begani bila kuachia mkono. "Ameharakisha, mzee wa watu. Niachieni mimi niseme naye."

Chokaa alikuwa ameupa mlango mgongo. Alisubiri ukwaruze. Hakusikia kitu. Aliona tu mwanga ukipanuka taratibu sakafuni, juu ya mashuka yaliyomwagika, juu ya namba kumi na moja, na katikati ya ule mwanga kivuli cha mtu anayehema, mkono mmoja ameunyoosha mbele. Harufu ya nyasi mbichi na baridi ikaingia chumbani. Vidole vya mkewe vikakaza mpaka subana ikamchoma kwenye kovu.

"Karibu, mwenyekiti," dada alianza, akigeuza uso, "tulikuwa tunasema hivi, mkono wake leo—"